Wimbo wa Mbuzi Aliyefuata Chumvi

Kahaso binti Menza si msichana wa maneno mengi. Kwao, upande wa Kinango, mtu aliyechunga mbuzi tangu utotoni hujifunza kutazama kuliko kusema, kwa maana mbuzi hasikii hoja. Shuleni, kidato cha tatu, walimu walidhani anasinzia. Wapi! Alikuwa akitunga.

Wimbo wake ulimhusu beberu aliyechoka kulamba mawe, akakata kamba, akateremka mpaka baharini kuitafuta chumvi yote ya duniani. Mwimbaji huita, "Rudi nyumbani!" Kundi hujibu, "Sirudi, nimeonja!" Ndulu, Mkamba wa Shimba Hills ambaye yeye na Kahaso ni chanda na pete, alipousikia mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini.

Basi chama cha muziki cha shule kikaamua kutengeneza video. Japheth, kaka yake Ndulu anayesomea kamera Nairobi, alikuwa nyumbani likizoni, akakubali kuwapigia video moja tu kabla hajarudi. Moja! Ya nani sasa? Ya Kahaso au ya Luqman? Luqman wa Kwale mjini alikuwa na wimbo wa mapenzi, miwani ya jua na ahadi ya gari la mjomba wake.

"Tutaringa Ukunda barabarani," alisema Luqman. "Watu waulize, hawa ni wa shule gani? Sasa nyinyi mtawaonyesha nini? Mkia wa mbuzi?"

"Heri mkia wenye mbuzi," Ndulu akamjibu, "kuliko gari lisilo na mafuta."

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono, Kahaso akashinda kwa mkono mmoja. Luqman hakuachia hivi hivi. "Sawa, mpangaji awe yeye. Lakini mahali pake pakishindikana siku hiyo, tunapiga wimbo wangu." Wote wakasema ni haki. Kahaso akaitikia kwa kichwa. Wimbo ule hakuwahi kumwimbia mtu kabla ya mwaka huu, na sasa ungeweza kufa kwa kosa la mahali.

Akapanga kama anavyopanga malisho: nani atangulie, nani afunge nyuma, kivuli kiko wapi. Jumamosi alasiri yeye na Ndulu wakashuka Diani kupatazama. Mchanga ulikuwa mpana, mweupe, na maji yamekaa kule mbali kama yaliyochoka. Kahaso akachora kwa kijiti: kayamba hapa, waimbaji pale, beberu atokee kule.

"Jumamosi ijayo, wakati huu huu," akasema.

Katika chama kizima hakuna aliyempinga. Maji wanayoyajua wao ni ya lambo. Ukiyaacha leo, wiki ijayo utayakuta palepale, labda yamepungua kidogo.

Kumpata beberu kulihitaji adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shikamoo hii naiona ina mzigo mgongoni."

"Namwomba Mheshimiwa, siku moja tu."

Mheshimiwa ndiye beberu wa zizi lao, mweupe mwenye uso mweusi na ndevu za kutisha. Mzee Menza akamtazama binti yake, akamtazama beberu. "Muulize mwenyewe kwanza kama anataka usanii," akasema, akaenda zake akicheka.

Siku ikafika. Pikapu ikawashusha Diani, wakafuata kijia kinachopita kati ya kuta za hoteli mpaka mwisho wake. Wakasimama. Mchanga haupo. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye ukuta wa ufuoni, mawimbi yakiyapiga mawe makofi.

"Kahaso," Ndulu akanong'ona, "ufuo wetu uko wapi?"

Luqman alikuwa ameshavaa miwani. "Mpangaji, tutacheza juu ya maji au chini yake?"

Mama mmoja muuza mabuyu aliwatazama kwa huruma. "Wanangu, mwatoka wapi nyinyi?"

"Kinango, mama."

"Ndiyo maana! Leo bamvua, maji hujaa kupita kiasi. Bahari haifuati Jumamosi zenu. Mchanga muutakao mtauona usiku."

Japheth akalitazama jua. "Usiku sina mwanga, na kesho niko kwenye basi. Tunapiga nini?"

"Wangu," alisema Luqman. "Mjomba ameegesha pale juu." Kundi likaanza kugeuka.

Kahaso alibaki akitazama. Maji yalikuwa yamewasukuma watu wote wa ufuoni hadi kijiani: wauza vikoi, wachonga vinyago, vijana wenye ngamia, watoto. Wamebanana kivulini bila kazi. Naye Mheshimiwa hakumjali yeyote. Shingo ameinyoosha kuelekea ukutani, pua inacheza, kamba imekaza. Kahaso anaijua shingo ile. Mbuzi akiishika hivyo, ameshaamua.

"Kaka Japheth, washa kamera. Tunapiga hapa hapa."

Kisha akawageukia wale watu, akapaza sauti. "Wazazi wangu, shikamooni! Nikiita 'Rudi nyumbani,' nyinyi nijibuni 'Sirudi, nimeonja'!"

"Tumeonja nini, mwanangu?" akauliza mwenye ngamia mmoja.

"Chumvi!"

Watu wakaangua kicheko. Ndulu akatikisa kayamba. Kahaso akaachia kamba.

"We! Beberu wa baba yako!" Ndulu akapiga yowe, lakini kayamba hakuiacha.

Mheshimiwa akatoka kama jiwe la kombeo. Akapita kati ya vikapu, akapita chini ya tumbo la ngamia, mchongaji mmoja akaruka na kinyago chake mkononi. Alipofika ukutani, pale marasharasha ya mawimbi yanapokauka na kuacha weupe, akafumba macho akaanza kulamba.

"Rudi nyumbani!" Kahaso aliita kwa sauti yake ya porini, ambayo chama hakikuwahi kuisikia.

"Sirudi, nimeonja!" kijia kizima kikajibu.

Mama wa mabuyu akainuka na ndoo yake kichwani, akacheza asimwage hata buyu moja. Wimbi likaruka ukuta, likamlowesha Mheshimiwa chapachapa. Akajikung'uta, akaendelea. Japheth alicheka mpaka ikambidi ashike kamera kwa mikono miwili. Luqman alijizuia ubeti wa kwanza. Wa pili ukamkuta mbele ya wote, akicheza kwa mabega.

Walipoitazama video, vichwa viligongana juu ya kile kioo kidogo. Luqman akataka irudiwe, kisha irudiwe tena. Mwisho akamfuata Kahaso, aliyekuwa akimvuta Mheshimiwa kutoka ukutani kwa nguvu zake zote.

"Likizo ijayo, wangu nao upange wewe."

"Una mnyama ndani yake?"

"Una msichana."

Kahaso akafikiri kidogo. "Anapenda kula nini?"