Karibu Nusu

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tunamwita Mzee Randa, maana maisha yake yote amekuwa seremala, na milango ya mtaa huu karibu yote imepita mikononi mwake. Vumbi la mbao lilimpa riziki, likamwachia na kifua kibovu. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia mjini, binti yake, anayefua mashuka hospitalini, hakutaka mchezo. Alihamia chumba cha kupanga asije akamletea baba maradhi, akaacha amri: mlango ufungwe, asiingie mtu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee alimkumbusha.

"Siku hizi ni mgeni usije, baba, ndiyo mwenyeji apone."

Kila jioni binti aliweka hotpoti ya chakula kizingitini, akagonga, akaondoka mbio kabla mlango haujafunguliwa. Nampenda yule binti, lakini mbio zile zilinikera. Dirisha la mzee linatazama ukuta, na masikio yake si ya kuongea kupitia mbao. Nikipiga hodi alijibu "Karibu!" kwa mazoea, kisha akakumbuka na kupaza sauti, "Lakini usiingie!" Mwanzoni tulicheka. Baadaye akawa hajibu. Hotpoti nayo ikaanza kutolewa nje imejaa, wali umedonolewa pembeni kama kuku ndiye aliyekula. Kifua tulikilinda, mwenye kifua akawa anatutoka. Nikampigia binti simu.

"Nifanyeje, mama?" alisema. "Nikimkaribia namuua, nisipomkaribia anakufa." Akalia.

Asubuhi moja tukasikia msumeno. Unakata kidogo, unanyamaza, mzee anakohoa, unaanza tena. Ikawa hivyo siku nzima. Mtaa wetu haukosi midomo, na hazikupita saa nyingi kabla mtu hajanong'ona kwamba mzee anajichongea jeneza. Mwenye maneno hayo nilimfukuza barazani kwangu, lakini roho yangu haikutulia.

Jioni binti akaja, akaweka hotpoti, akagonga, akageuka kukimbia kama kawaida yake.

"Hodi hupigwa kwa mdomo!"

Alisimama katikati ya njia. Mlango ulikuwa umefunguka nusu ya juu. Nusu ya chini ilibaki imefungwa kwa komeo, na juu yake mzee alikuwa amepigilia ubao mpana kama meza ya dukani. Bawaba zilizopungua alizing'oa kwenye kabati lake la nguo.

"Baba! Umeharibu mlango!"

"Ulikuwa mmoja, sasa ni miwili. Nani kaharibu? Piga hodi kama mtu."

Binti akavuta barakoa vizuri, akasimama mbali. "Hodi."

"Karibu nusu."

Mimi barazani kwangu nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe, mara ya kwanza tangu mlango ufungwe: macho yameingia ndani, gauni linamning'inia mabegani.

"Mwanangu, mbona umekonda hivi? Unakula?"

Swali hilo binti alizoea kuniuliza mimi, juu ya baba yake. La kwake hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alitikisa kichwa, machozi yakaingia kwenye barakoa.

"Weka chakula hapo kwenye ubao," mzee akamwambia, akarudi ndani hatua kadhaa. Binti alipoweka na kusogea mbali, mzee akanawa mikono, akapakua nusu ya wali na maharage kwenye kifuniko, akakiacha ubaoni. "Chukua. Kaa pale kwenye tofali, ule nikuone."

"Ni chakula chako, baba."

"Na wewe ni mgeni wangu."

Binti akakaa kwenye tofali ng'ambo ya njia, akashusha barakoa, akala. Na mzee, kwa kuwa hajawahi kumwacha mgeni ale peke yake, akasimama nyuma ya nusu mlango wake na hotpoti mkononi, akala naye mpaka kijiko kikakwangua chini.