Mwamikazi asiyelia

Leo mama yangu amenifunga mdomo. Na nyinyi pia, muliocheka hapa kwenye ukurasa wangu wiki iliyopita.

Munakumbuka ile hadithi yangu ya mwamikazi wa zamani, muke wa mwami, mfalme wa kule Kivu? Bwana yake amekufa ndani ya nyumba, yeye anapika, anaimba. Watu wakiuliza, anajibu: "Mwami amelala."

Mulimuita mchawi. Mimi pia nilimuandika hivyo.

Mchana, hapa kambini kwetu Juru, Mama alikuwa anachambua maharagi. Nikamusomea. Nilingoja acheke.

Akauliza, "Alikuwa na mutoto?"

Nikasema ndiyo, mumoja, mudogo.

"Basi ulimukosea. Angelia, maadui wangejua mwami hayuko tena. Na ule mutoto wangemuua. Kulia kunataka fasi, pahali pa salama, mwanangu. Yeye hakukuwa na fasi."

Akaendelea na maharagi yake.



Nilikumbuka siku tulipokimbia vita. Nilikuwa na miaka sita. Njia nzima namuuliza Baba yuko wapi, na Mama anaimba nyimbo za kanisa, ananijibu: "Anakuya nyuma." Baba hakukuya hata leo.

Miaka yote hii nilisema Mama ana roho ngumu. Kumbe mwamikazi wangu nilimutoa wapi?

Nimeifuta hadithi. Nyinyi mungemwambia Mama nini?

Mimi niliuliza tu, "Mama, na sasa? Fasi si iko?"

Akatazama mlango.

"Watoto wako wanatoka masomo saa hii," akasema. Akaanza kuimba.