Picha Waliyoipigia Magoti

Nyumba yetu, mtaa wa Cimpunda, ina vyumba viwili na sebule, na ukuta mmoja tunashiriki na jirani. Nikikohoa, ananipa pole bila kutoka kwake. Tangu nimalize sekondari nimekaa humo. Chuo kilishindikana, kazi haikupatikana, na jinsi mji usivyo salama sasa, maman, mama yangu, hapendi nitembee ovyo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Sahani nikiisha kuiosha naiosha tena, na ujumbe naufuta na kuuandika upya mpaka ninayemwandikia anaacha kusubiri.

Kilichonituliza ni mchezo mmoja wa simu. Hauna vita. Unatembea katika nchi iliyofunikwa na maji ukitafuta njia, na ukikwama anatokea mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amesimama juu ya maji, ameshika taa kwa mkono mmoja, mwingine mtupu. Hasemi kitu, wala hakuhimizi. Anakaa pale mpaka uone pa kupita. Katika maisha yangu sijapata mtu mwingine wa kunivumilia hivyo.

Nikaanza kumchora. Kuchora nilijifunza mwenyewe, kwa video, na nilichana karatasi nyingi kabla ya kuipata moja ambayo macho yake hayakunikera. Hiyo ilinichukua msimu mzima wa mvua. Niliibandika kwenye kona ya sebule, juu ya meza ndogo, nikaweka mshumaa na jiwe nililookota kando ya ziwa. Asubuhi, maman akishaenda sokoni na wadogo zangu shuleni, nilikaa mbele yake nikafuata pumzi zangu kama nilivyoona kwenye video. Sikuomba kitu. Sijui kama ile ni sala. Najua tu kwamba moyo uliacha kukimbia.

Maman alinikuta siku moja aliporudi kuchukua mwavuli.

“Unaabudu nini hapa? Hii ni pepo,” alisema. “Siku ya tano shirika inakuja kwetu. Mbele wafike, hii kitu itoke, ao mi mwenyewe nitaichoma mu makala.”

Shirika ni Wakristo wa mtaa wetu. Kila juma wanasali nyumba moja, kwa zamu, na mwenye nyumba anatayarisha meza yenye mshumaa na picha ya Bikira Maria.

Siku hiyo ya tano, yaani Ijumaa, maman alichelewa sokoni. Picha ilikuwa bado ukutani. Nilitaka kuiondoa, kweli, ila nilikuwa natafuta bahasha isiyoikunja pembe, na kila niliyoipata niliiona ndogo. Mvua ilikuwa inatisha, kwa hiyo wamama walikuja mapema. Waliingia, wakaona kona. Mmoja wao akasogeza jiwe, akatandika kitambaa cheupe kwenye meza yangu, akawasha mshumaa wangu. Nilipotaka kuwaeleza walikuwa wamekwisha kupiga magoti.

“Maria wa taa,” alisema mama mkubwa, kiongozi wa shirika. “Huyu sijamuonaka.”

“Si ni wa kwetu,” mwenzake akajibu. “Ona kitambala. Amefunga sawa sisi.”

Maman alifika katikati ya rozari, beseni kichwani. Aliangalia picha, akaniangalia mimi. Kisha akashusha beseni, akapiga magoti palepale mlangoni.

Sala zilipokwisha, mama mkubwa aliuliza nani amechora.

“Ni mutoto wangu,” maman alisema. Hajawahi kulisema neno hilo kwa sauti ile.

Ningenyamaza. Lakini sikuweza. “Siye Maria,” nikasema. “Ni wa mu jeu. Muchezo ya telefone.”

“Jeu ya mupira?”

“Hapana, maman mukubwa. Anatokea kama umepotea.”

“Anatokea kama umepotea, na bado unasema haiko Maria! Mutoto huyu!”

Walicheka, wakakusanya vitambaa vyao, wakakimbia kuiwahi mvua. Kwao mambo yaliishia hapo.

Maman hakucheka. Alifunga mlango, akakaa.

“Nimepigia magoti kitu ya jeu, mbele ya watu. Mu ule mukono mutupu, umuwekee chapelet, ile rozari. Akikuwa Maria, atabakia. Asipokuwa, makala iko inawaka.”

“Maman, picha imeisha. Nikiongeza kitu itaharibika.”

“Basi iharibike.”

Niliibandua picha, nikaleta kalamu ya wino. Maman alisimama nyuma yangu, pumzi yake nikiisikia shingoni. Nilichora punje ya kwanza nikingoja ikosee, ili nimwonyeshe. Haikukosea. Zikafuata nyingine, zikiteremka kutoka kwenye vidole vyake kama uzi ulioachiwa, kila moja mahali pake. Sijawahi kuchora kitu kikatoka sawa mara ya kwanza. Nilitamani nikichane.

Maman aliitundika yeye mwenyewe, juu ya viti. “Sasa iko muzuri,” alisema, na alisema kweli.

Siku hizi ni yeye anayekaa mbele yake asubuhi, kabla ya soko. Mimi nabaki chumbani na simu. Mwanamke bado anatokea nikikwama, lakini macho yangu yanaenda moja kwa moja kwenye ule mkono mtupu, na nauona kama kosa ambalo mtu amesahau kulirekebisha.