Maji ya Bomba Yaliyonuka Mvinyo Mbovu

Nilikuwa nimeosha glasi thelathini, zimebaki arobaini na mbili, nikashikwa na kiu.

Nikatoa glasi moja kwenye boksi, nikaijaza maji ya bomba. Nikanywa.

Maji yalinuka boksi lililolowa.

Harufu hiyo ndiyo iliyomsimamisha mtu kazi siku nne zilizopita. Na aliyeinusa ni mimi.

Nianze mwanzo. Mimi ni mhudumu wa mezani hotelini. Mvinyo kwangu ulikuwa kitu kichachu, basi. Aliyenifundisha ni mtunza stoo, mzee tuliyemwita Mjomba.

"Macho kwanza, kisha pua, ulimi mwisho," aliniambia. "Mwenye haraka hulewa, haonji."

Nikainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, nikatazama rangi. Nikazungusha, nikanusa, nikasukutua, nikatema. Kila kitu nikaandika daftarini: ndimu, zabibu kavu, kiatu kipya.

"Profesa, leo umenusa nini?" mpishi alikuwa akinitania. "Soksi?"

Mjomba mwenyewe alionjea kikombe chake cheupe cha bati. Tulimcheka. Mtu wa stoo ya mvinyo, kikombe cha chai.

Zikaja glasi mpya. Nikazipanga mimi, kwa utaratibu wangu: nikazifuta, nikazirudisha kwenye maboksi yake, midomo chini, zisiingie vumbi. Kabatini, kando ya sinki la maji moto.

Wiki haikuisha, mgeni akarudisha glasi yake. "Hii inanuka."

Nikanusa. Nilikuwa nimesoma kwamba mvinyo ulioharibiwa na kizibo kilichoota ukungu kwa unyevu hunuka boksi bichi. Nikafungua chupa nyingine tatu, nikamimina, nikanusa. Zote vilevile.

Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri. Nimejua kitu.

Nikampigia meneja simu. "Stoo ina unyevu. Chupa zinaharibika."

Mvinyo ukasimamishwa, Mjomba akasimamishwa. Funguo za stoo nikapewa mimi.

Akiondoka, aliniuliza swali moja tu, polepole. "Mwanangu, ulinusa glasi tupu?"

Nikajisemea, mfa maji haachi kutapatapa.

Sasa nimesimama hapa na maji mkononi.

Nikaingia stoo. Nikachukua moja ya zile chupa tatu, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha bati. Kilikuwa bado kwenye msumari wake.

Nikanusa. Zabibu kavu. Kiatu kipya. Boksi hakuna.

Nikamimina kwenye glasi ya kabatini. Boksi.

Nikarudia mara tatu, nikitafuta pa kujitetea. Sikupaona. Mvinyo ni mzima. Stoo ni kavu. Mvuke wa sinki ulilowesha maboksi yangu, na glasi zikashika harufu.

Kesho saa tatu asubuhi meneja anarudi kutoka safarini kusaini barua ya kumwachisha Mjomba kazi.

Nikampigia Mjomba. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Umemwambia meneja?"

"Yuko safarini, Mjomba. Kesho akifika tu."



"Siku ile uliponishtaki alikuwa nyumbani kwake, Jumapili," akasema. "Hukungoja kesho."

Akakata.

Nilikaa juu ya kreti. Kisha nikampigia meneja. Simu haikupatikana. Nikapiga tena. Nikamwandikia ujumbe, mrefu, jina langu mwanzoni.

Ndugu unayejifunza kuonja, mimi si mwalimu, lakini chukua hili: kabla hujahukumu kilichomo, nusa chombo tupu. Na ukijikuta unafurahia kosa uliloligundua, nusa mara ya pili.

Glasi arobaini na mbili sikuziosha. Nimeziacha ndani ya maboksi, juu ya meza ya meneja, na jagi la maji pembeni. Anuse mwenyewe.

Funguo nimezitundika stoo, msumari uleule wa kikombe. Nitamaliza kuosha kesho, kama bado nitakuwa na kazi.