Mishono Ikae Nje

Roshanara alishona mapazia katika kiwanda kimoja cha Scarborough kwa miaka ishirini na sita, akajifunza kumpima mtu kwa mshono wake. Kwa kipimo hicho, majirani zake wengi katika jengo la ghorofa mtaani Flemingdon Park walikuwa hawafai kitu.

Mwaka jana mjukuu wake Aleena, aliyekwenda Australia kusomea wanyama, alimpigia simu akiwa na ombi. Kundi lake lilikuwa likijiandaa kuwarudisha porini bilbi, mnyama mdogo mwenye masikio kama ya sungura, anayebeba mtoto mfukoni kama kangaruu. Wamebaki wachache. Siku ya kuwaachilia, kila mmoja hubebwa ndani ya mfuko wa pamba nyeusi, laini, na mishono yote hukaa nje ili kucha zisinase kwenye nyuzi.

"Mingapi?" Roshanara aliuliza.

"Sitini, Dadima," Aleena alimjibu bibi yake.

Sitini ilikuwa mingi kwa vidole vyenye baridi yabisi. Akamwendea Moez, dalali wa nyumba na mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Hapo ndipo alipokosea.

Baada ya wiki mbili, ukumbi wa chini ya jengo ulikuwa na bango lenye picha ya panya buku badala ya bilbi, trei sita za sambusa, na hotuba tatu. Watu walimpigia makofi mnyama ambaye hata jina lake hawakuliweza. Arobaini walijiandikisha kushona. Roshanara alisimama akawaonyesha mfuko mmoja, akaugeuza, akaeleza habari ya kucha. Waliokaa mbele walikuwa wakijipiga picha.

Siku ya kukusanya ililetwa mifuko kumi na mmoja. Mitatu ilidariziwa kwa nyuzi za kumetameta. Mmoja ulikuwa wa plastiki. Iliyobaki ilishonwa mishono ndani, nyuzi zikining'inia kama ndevu za beberu.

"Nia njema ndiyo kubwa, Anti," Moez alisema.

"Bilbi hatabebwa ndani ya nia yako."

Cherotich, nesi kutoka Kericho aliyekaa ghorofa ya tisa, alikuwa amesimama karibu. Aliuliza kama kuna cherehani ya pili. Ilikuwepo. Wakashona Jumapili saba mfululizo, wakiwasengenya wale arobaini mmoja baada ya mwingine. Mifuko ya pamba ya kamati waliifumua wakaishona upya. Ule wa plastiki waliutupa kwenye taka.

Walipopeleka kifurushi posta, Moez alitokea na mpiga picha, akanyoosha mikono akipokee.

"Ngoja nje, baba," Roshanara alimwambia. "Foleni hii ni ya wanaotuma kitu."

Mwezi Aprili Aleena alipiga simu. Bilbi hamsini na wanne walikuwa wameachiliwa, wote wazima. Mmoja tu alitafuna mfuko akautoboa. Roshanara alicheka mpaka akakohoa. Akauliza meno yake yana ukubwa gani, na kama kitambaa maradufu kingefaa. Aleena akaomba mingine thelathini.

Wiki hiyohiyo kamati ikatangaza kwenye simu za wakazi kwamba jumuiya nzima imeokoa wanyama, ikaweka picha ya Moez kando ya lile bango la panya. Roshanara akaalikwa chakula cha jioni apokee cheti. Alimsomea Cherotich mwaliko huo, kisha akajibu kwamba ana kazi.

Aliona haya kidogo kuwadharau watu kiasi kile. Haya hiyo haikudumu mpaka jioni.