Kichupa cha Ua Mzima

Fundi cherehani wa ua wetu hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Alianza na mishono ya nguo zako, akasikitika, ndipo akakumbuka kuuliza habari za nyumbani. Ukipita umevaa shati lililoshonwa na fundi wa kona, unaondoka na mahubiri.

Jicho lake la kushoto lilizimika tangu utotoni, kwa hiyo kazi yote ilikuwa juu ya la kulia. Siku lilipoamka jekundu, mkewe alisema waende hospitali. Fundi akacheka. Ya nini, na kichupa kipo? Kichupa hicho cha dawa ya macho kilikuwa mali ya ua mzima. Kilihama mlango hadi mlango, kikigusa kope za kila mtu, na hakuna aliyekumbuka kilinunuliwa lini. Sisi wapangaji tulikiheshimu kuliko mwenye nyumba.

Akajitilia matone, jicho likavimba. Akazidisha, likatoa usaha. Alipoanza kupapasa meza akitafuta mkasi uliokuwa mbele yake, mkewe hakubishana tena. Alimshika mkono wakatoka.

Daktari alisema vijidudu vimeingia ndani kabisa ya jicho, matone hayafiki huko. Ni sindano ya antibiotiki leo hii, la sivyo jicho linakwenda. Kusikia sindano, fundi akafungua mkanda na kugeuka.

"Baba, pandisha suruali," nesi akasema. "Sindano ni ya jichoni."

Mtu aliyeshinda na sindano maisha yake yote akarudi nyuma hadi mlangoni. "Dada yangu, nichome huku huku tu. Dawa si itapanda yenyewe?"

"Sawa," mkewe akasema. "Nguo zangu nitampelekea yule wa kona."

Fundi akakaa.

Wakamtia ganzi, wakamchoma, wakamfunga bandeji, wakamlaza. Huku uani hakuna aliyetukosoa, na mimi niliyezoea kumkwepa nilimkosa sana.

Bandeji ilipofunguliwa, alipepesa jicho, akamkodolea daktari mpaka mkewe akaanza kulia.

"Daktari," akasema hatimaye, "hilo koti nani kakushonea? Bega limepinda."

Kisha akatoa kichupa mfukoni, akaomba kijazwe. Nesi akakitupa na kumweleza kuwa hicho ndicho kilichomponza, kwa kubeba vijidudu jicho hadi jicho.

Tulimpokea langoni kwa shangwe, watu wanne tukiwa na macho mekundu. "Pole, fundi! Kichupa kiko wapi?"

Hakuangalia nguo zetu. Alitutazama usoni, mmoja mmoja.

"Vaeni viatu," akasema. "Tunarudi hospitali."