Fundi wa Kukataa Ng'ombe

Watu husema ujuzi huja kwa kusoma au kwa kuzeeka. Ujuzi wa Mageni Masele ulikuja kwa njaa.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Hitla kwisha. Mageni alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke, binti mmoja na ng'ombe wachache waliokonda, anakaa kando ya njia iendayo Kharumwa, na hakuna aliyepata kumwuliza jambo lolote zaidi ya hiyo njia yenyewe. Siku hiyo alikuwa Nyahanga pamoja na wazee wa ukoo, wamekwenda kuchagua ng'ombe wa mahari ya binti wa ndugu yao. Yeye alichukuliwa ili kundi lionekane kubwa, basi. Na wageni wa shughuli hiyo, kwa desturi, hawaonji kitu mpaka uchaguzi uishe. Sasa fikiria: nyuma ya nyumba nyama inanukia, pombe ya mtama imeiva, na wazee wako zizini tangu alfajiri wanagombania mtamba mmoja mweupe. Huyu anasema pembe, yule anasema kwato. Tumbo la Mageni likaunguruma hata mwenye mji akageuka kutazama.

Uvumilivu ukamwisha. Akamnyooshea mtamba fimbo. "Huyo hapana," akasema kwa hasira. "Huyo anahesabu."

Wazee wakaacha kugombana, wakamgeukia.

"Anahesabu nini?" akauliza mzee mmoja.

"Mwulizeni mwenyewe," akajibu Mageni, maana hakuwa na jibu jingine, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Hapo ndipo ungewaona watu wazima na ndevu zao! Hakuna aliyethubutu kusema hajui. Mzee wa kwanza akaguna, "Ni kweli. Hata mimi niliona, ila nilinyamaza." Wa pili akasema aliona kabla ya wa kwanza. Mtamba akakataliwa, wakaenda kula, na Mageni akala kwa mikono miwili.

Habari ingeishia hapo, watu wakacheka wakasahau. Lakini masika yalipofika, yule mtamba akatumbukia katika shimo lililoachwa wazi na wachimba dhahabu, akavunjika shingo. Lo! Habari ikapita Kahama, ikapita Kharumwa, ikafika Shinyanga mjini. Kumbe alikuwa anahesabu siku zake! Na Mageni aliona! Kwamba ng'ombe wengine chungu nzima walitumbukia katika mashimo hayohayo mwaka huo, wala hawakuwahi kuhesabu kitu, hilo halikumshughulisha mtu.

Wakaanza kumwita Fundi. Kila penye posa, anaitwa. Upande wa bibi arusi wanamwita akatae, na upande wa bwana arusi wanamwita mapema awaambie atakataa nini. Akanunua mnadani Shinyanga koti zito la askari lililomfika magotini, akawa halivui hata jua la saa nane. Jasho likimtiririka, watu hunong'onezana kwamba ule ni ujuzi unaomchoma ndani. Fundi naye, kwa vile watu hawalishwi neno lilelile kila siku, akaongeza mengine. Akamgundua ng'ombe mwenye majuto. Akamgundua ng'ombe anayecheka kwa ndani, na huyu, alisema, ni wa kuogopwa kuliko simba. Akiulizwa dalili zake, hufumba macho na kusema, "Ukishaambiwa, hutaona tena." Haya, mjibu mtu wa namna hiyo!

Mkewe Melania peke yake ndiye aliyekuwa na majibu. "Baba Sikujua," humwambia akitoka kukamua na kibuyu kitupu, "na huyu wetu anahesabu nini? Mwezi wa pili huu hatoi maziwa. Au anahesabu siku usizokaa nyumbani?"

"Mama Sikujua, mambo haya ni mazito."

"Mazito ni hilo koti. Livue nilifue."

Fundi hakosi wafuasi. Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja aitwaye Donatus, aliyesoma misheni mpaka walipomchoka, akatoka na tabia ya kugawa kila kitu mafungu. Mageni alisema ng'ombe anahesabu. Donatus akafafanua kwamba kuna kuhesabu kwa kupanda na kuhesabu kwa kushuka, na kwamba asiyejua tofauti asikanyage zizi la watu. Mageni alimsikiliza kwa mshangao. Mara nyingine alitamani kumwuliza maana, lakini fundi atamwulizaje mwanafunzi?

Na sasa niseme lililouma. Katika shangwe zote hizo, hakuna posa iliyoingia katika mji wa Mageni. Binti yake, Sikujua, alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kazi. Rika lake lote limeolewa, limezaa. Yeye bado anachota maji na wadogo wa wenzake. Vijana walimtazama kwenye ngoma, wakapiga hesabu, wakatazama pengine. Nani awe mwehu wa kupeleka ng'ombe kwa Fundi?

Mpaka akaja Athanas. Huyu alikuwa mwana wa mzee Jilala wa Kharumwa, kijana wa maneno machache aliyefanya kazi mgodini Geita. Kila mshahara alinunua ng'ombe, mmoja mmoja, akawatunza kwa baba yake. Alimpenda Sikujua, na Sikujua alimpenda hata akasahau kula. Melania alimshika mumewe mkono. "Baba Sikujua, huyu akipita, hatakuja mwingine. Unasikia? Mwanao atazeekea jikoni kwangu. Safari hii nyamaza."

"Nitanyamaza," akasema Mageni, na alimaanisha. Binti yake alikuwa ndiye roho yake. Hilo hata mimi nisiyempenda siwezi kumnyima.

Kwa desturi baba haendi kuchagua ng'ombe wa bintiye, hutuma watu. Akamtuma Donatus na wenzake, akawaambia waziwazi, "Wapokeeni wote." Donatus akainama, akatabasamu kama mtu aliyekonyezwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Walirudi jioni wakiwa na furaha tele: wamekataa wote!

"Wote?" Mageni akakaa chini.

"Wote, Fundi. Yule mwekundu anahesabu kwa kushuka. Wawili wana majuto. Yule wa baka anacheka kwa ndani, tena mbele ya wageni!"

Sikujua, aliyekuwa anawaletea maji ya kunawa, akaiweka kata chini taratibu, akaingia ndani. Hakupiga kelele. Melania alimfuata, na huko nje Mageni akasikia kilio kinachozibwa kwa nguo. Kilimkata maini.

Kesho yake akavunja desturi. Akaenda Kharumwa mwenyewe, wafuasi nyuma yake, akasimama katika zizi la Jilala. Ng'ombe walikuwa wanono, wanang'aa, wamejaa mpaka mlangoni. Angewala kwa macho.

"Ng'ombe hawa ni wazuri," akasema kwa sauti. "Nawapokea wote."

Donatus akawageukia wenzake. "Mnaona? Anatupima."

"Simpimi mtu! Nisikilizeni. Hakuna ng'ombe anayehesabu. Niliyatunga. Siku ile Nyahanga nilikuwa na njaa."

Wakatazamana. "Njaa," Donatus akarudia polepole. "Njaa ya kujua."

"Ya nyama, wewe mjinga! Ya nyama!"

"Ya nyama," Donatus akawanong'oneza wengine, "yaani ya mambo yaliyo ndani ya ngozi." Wakatikisa vichwa kwa uchungu, wakajilaumu kwa uzito wa akili zao.

Mageni akamgeukia Jilala, mikono wazi. Huyu ni mtu mzima, ana ng'ombe tangu kuzaliwa, anawajua ng'ombe wake kwa majina. "Mkwe mwenzangu, wewe walau nielewe. Mimi ni mwongo. Toka mwanzo nimekuwa mwongo."

Jilala machozi yalikuwa yanamlengalenga. Thubutu kuelewa!

"Fundi, inatosha," akasema. "Mtu wa heshima yako kujiita mwongo mbele ya vijana, ili kunisitiri mimi! Sijapata kuona moyo kama huu. Lakini sasa nimejua ukweli. Kumbe ng'ombe wangu ni wabaya kiasi hicho, hata uvue heshima yako uwafunike nayo." Akaondoa magogo ya mlango wa zizi. "Siwezi kumlipia binti yako kwa uchafu huu. Na wengine sina. Posa imekwisha, kaka. Tusamehe."

Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja kwenda malishoni, wakampita Mageni aliyesimama katikati ya vumbi na koti lake. Alijaribu kumshika mmoja pembe. Donatus akaandika hilo moyoni.

Athanas alikuwa ameegemea uzio muda wote. Akamsogelea. "Mimi nakusadiki, Baba," akasema. "Nilijua tangu zamani kwamba unatunga. Ila baba yangu ndiye mwenye mji, naye anakuheshimu mno." Akavaa kofia yake, akashika njia ya Geita.

Wiki haikupita, Sikujua naye akaishika njia hiyohiyo. Hakutoroka kwa siri. Aliondoka asubuhi kweupe, na kitanda chake cha ngozi amekisimamisha ukutani. Melania alimwuliza kama anajua anakwenda bila hata ndama mmoja, bila ngoma, bila baraka za mtu, na kwamba watu watamwita jina baya. "Najua, Mama," akasema. "Nimechoka kuthaminiwa kwa ng'ombe." Baba yake alimsindikiza kwa macho kutoka zizini. Hakuaga, na binti hakugeuka.

Mageni alidhani sasa ameaibika, na moyoni akashukuru, maana walau watu wangemwacha. Wapi! Kufika Jumapili neno lilikuwa limekwisha kuzagaa mpaka Kahama: Fundi ametazama ng'ombe wa nchi nzima, hakuona hata mmoja wa kumstahili binti yake, ndipo akamtoa bure! Nani amewahi kusikia fahari kama hiyo?

Wafuasi wakaja asubuhi na mapema, wengi kuliko siku zote, wakaketi uani. Donatus akawa mbele. "Fundi, tunaomba utufundishe juu ya ndoa isiyo na ng'ombe."

Melania alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, wala si kwa ukali. Alikuwa anamngoja. Neno moja tu, lile alilolisema Kharumwa, alirudie hapa nyumbani kwake, awafukuze watu hawa, kisha wavae viatu waende Geita kumwomba mtoto msamaha.

Mageni alikohoa. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, midomo wazi kama makinda. Na koti lilikuwa mabegani.

"Ng'ombe wa kweli," akasema, "hana mwili."

"Eeeeh!" uani kote.

Melania akaingia ndani. Akatoka na furushi lake kichwani na kibuyu cha maji mkononi, akapita katikati yao, akiwaambia wampishe, akashika njia ya Geita. Wote wakamfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mtama.

Donatus akasogea karibu. "Fundi," akauliza kwa unyenyekevu, "na Mama je? Kuondoka kule kuna maana gani?"

Na alijibu! Haki ya Mungu, alijibu. Alijibu mpaka jua likawa utosini, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya koti. Wale nao wakalia pamoja naye, maana somo la siku hiyo, walisema, lilikuwa zito kuliko yote.